Maswali ya Wasomaji: Mass Effect 3 na Ule Mwisho Wake

Barua za safari hii karibu zote zinahusu gemu moja, Mass Effect 3, ile ya BioWare wa Kanada iliyotoka Machi 2012 kufunga hadithi ya Kamanda Shepard, mwanajeshi unayemchezesha wewe akipambana na Reaper, mashine kubwa za angani zinazoangamiza mataifa ya galaksi. Sishangai. Tangu zile gemu tatu zikusanywe pamoja kwenye Legendary Edition ya 2021 kuna kundi zima la wachezaji wapya wanaofika mwisho sasa hivi, na maswali yao ni yale yale tuliyokuwa nayo sisi wa zamani. Onyo: humu nataja nani anakufa na nani anapona, kwahiyo kama hujaimaliza weka pembeni kwanza, ukimaliza urudi.

Swali: Shikamoo mhariri. Nimeona video za Mass Effect 3, mapigano yake matamu kuliko ya ile ya kwanza, je naweza kuanzia hiyo hiyo ya tatu alafu hizo mbili nikasoma tu muhtasari? Muda sina mwingi na nasikia ya kwanza ni nzito.

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Unaweza, gemu yenyewe haitakuzuia, ila nakusihi usifanye hivo. Ni kweli mapigano ya ya tatu ni matamu, Shepard anakimbia, anajiviringisha, na uzito wa silaha unazobeba unaamua nguvu zako zitarudi haraka kiasi gani, kwahiyo kila misheni unakaa unajiuliza ubebe nini uache nini. Lakini hii hadithi imejengwa juu ya sevu yako, yani rekodi ya maamuzi yako inayotoka gemu moja kwenda nyingine. Ukiingia bila sevu, gemu inakujazia maamuzi yenyewe, na inakujazia vibaya: Wrex, mwenzako wa gemu ya kwanza, anahesabiwa alishakufa zamani kule sayari ya Virmire na taifa lake la Wakrogan linaongozwa na ndugu yake Wreav, mtu wa visasi tu. Legion, yule mwenzako wa taifa la mashine la Geth, hayupo, mahali pake inasimama mashine inayofanana naye ambayo haikujui. Yani unakutana na nafasi za watu badala ya watu wenyewe, na kuna mambo mazuri ambayo hata uhangaike vipi huyapati, amani ya sayari ya Rannoch kati ya Geth na Waquarian waliowatengeneza ikiwa ya kwanza.

Ya kwanza ya 2007 ni nzito ndiyo, sibishi. Fuata misheni kuu, ongea na kila mtu ndani ya Normandy, meli yako, kila ukirudi, zile sayari tupu za kuzungukia na gari ziache. Ya pili ya 2010 itakubeba yenyewe.

Swali: Dada mhariri mimi nimelia jamani. Kule Rannoch nimechagua Geth maana Legion alikuwa anaongea ukweli mtupu, na Waquarian ndo walioanza vita, sasa Tali, mwenzangu Mquarian, kavua barakoa yake akajirusha kwenye jabali mbele ya macho yangu. Nimezima mashine nikaenda kulala. Kuna namna ya kuwaokoa wote?

Jibu: Pole sana mdogo wangu, na hujakosea kulia, ile sehemu imetengenezwa iumize. Mataifa yote mawili yanaokoka, ndiyo. Legion yeye haponi kwa njia yoyote ile, ila kwenye amani anakufa kwa kupenda kwake, akiwagawia Geth wenzake kile alichokuwa nacho ili kila mmoja awe kiumbe kamili.

Ili ifike hapo, kazi inaanzia gemu ya pili. Tali na Legion wote wawe hai, na Legion uwe umemuwasha, usiwe umemuuza kwa Cerberus, lile kundi la binadamu wenye msimamo mkali. Kwenye ile kesi ya Tali usitoe ushahidi unaomwaibisha baba yake, ila hakikisha pia hafukuzwi na watu wake, ongea kwa ushawishi au wainue wale waliokuja kumtetea. Baadae wakigombana yeye na Legion ndani ya meli, wapatanishe bila kuegemea upande. Alafu kuna hili ambalo wengi linawashangaza, kuwaharibu wale Geth waasi kunasaidia amani kuliko kuwageuza fikra. Wengi huona kuwageuza ndo huruma, lakini ukiwageuza Geth wanakuwa wengi zaidi na Waquarian wanapoteza meli nyingi zaidi, na mezani mnakuja na uchungu mkubwa zaidi. Kwenye ya tatu sasa, kabla hujaenda kwenye kambi ya yule Reaper, maliza misheni ya kumuokoa Amiri Koris wa Waquarian na ile ya kuingia na Legion ndani ya mtandao wa Geth, na uwe na sifa za kutosha, iwe za wema au za ukali, ili lile chaguo la mwisho la kuongea na meli za Waquarian lisiwe limefungwa.

Na uirudie, hata kama ni kuanza tena gemu ya pili. Miaka kama 300 kabla ya hadithi hii Geth mmoja aliwauliza mabwana zake kama mashine kama yeye ina roho, na Waquarian wakaogopa wakaanza kuwazima. Vita vyote, uhamisho wote, watu kuzaliwa na kufa ndani ya meli na suti, vimetoka kwenye swali moja ambalo hakuna aliyelijibu. Ukifanikisha amani, Tali ndo anamjibu Legion, pale pale juu ya jabali alilojirusha kwako. Baadae unasikia Geth wameingia ndani ya suti za Waquarian kusaidia miili yao izoee hewa ya nyumbani mapema. Mi sijaona gemu nyingine ilolipa uvumilivu wa mchezaji kiasi hicho.

Swali: Hivi kwanini watu waligombana vile kuhusu mwisho wa hii gemu? Mi nimecheza Legendary, nimefika mwisho, nikachagua, nikaona picha na maelezo, nikaona sawa tu. Jamaa yangu mkubwa bado ana hasira toka 2012. Nahisi walikuwa wanadeka.

Jibu: Hawakudeka ndugu yangu. Ulichokiona wewe sio walichokiona wao, na hapo ntakaa kidogo maana hili ndo swali lenyewe.

Mwisho wa Machi 2012 ulikuwa hivi. Unakimbilia mwanga London, unapigwa, unaamka umejaa damu, unapanda Citadel, kile kituo kikuu cha angani, unaongea na Illusive Man, mkuu wa Cerberus, unakaa na Anderson, mkubwa wako wa zamani jeshini, mkiitazama Dunia, alafu unapandishwa juu kwa yule Catalyst, akili inayowaongoza Reaper, mwenye sura ya mtoto. Anakupa njia tatu: kuwaangamiza Reaper, kuwatawala, au kuunganisha viumbe vyote na mashine. Ukichagua, unaona mlipuko mwekundu, wa bluu au wa kijani, malango ya kusafiria kati ya nyota yanapasuka, Normandy inaanguka kwenye sayari ambayo huijui, na unaona wenzako uliokuwa nao London dakika chache nyuma wanashuka kutoka ndani ya ile meli bila mtu kukueleza walifikaje humo. Basi. Hakuna anayekwambia Wakrogan walizaa, Waquarian walijenga, wala uliyempenda aliishia wapi. Na Casey Hudson aliyeongoza utengenezaji alikuwa ameshasema kabla gemu haijatoka kwamba haitakuwa mwisho wa kuchagua A, B au C, kwahiyo ndo maana watu walihesabu zile rangi tatu kwa uchungu.

Kuna na yale malango. Kwenye kile kipande cha nyongeza cha gemu ya pili kinachoitwa Arrival, Shepard analazimika kulipua lango moja, na mlipuko unafuta mfumo mzima wa nyota pamoja na Wabatarian zaidi ya laki 3. Gemu ilitufundisha hilo yenyewe. Sasa mwishoni yanapasuka yote, mtu uliyefuata kwa makini unakaa pale unajiuliza kama sijaua kila sayari niliyokuja kuiokoa. Mtu anayejiuliza hivo hajadeka, ametunza alichoambiwa.

Lakini kwangu hata hilo sio jeraha lenyewe. Jeraha ni hoja ya Catalyst. Anakwambia viumbe na mashine walizoziunda hawawezi kuishi pamoja, lazima mashine ziwaue waliozitengeneza, ndo maana kila miaka 50,000 Reaper wanarudi kuvuna walioendelea sana kabla mambo hayajafika huko. Na we umetoka Rannoch! Nje ya dirisha meli za Geth na za Waquarian zinapigana bega kwa bega kwa ajili ya Dunia ambayo sio yao, na ndani ya Normandy EDI, akili ya meli, amempenda Joker rubani. Ni sawa na umepatanisha ndugu wawili mbele ya wazee, wakashikana mikono, alafu anaingia mgeni anakwambia ndugu hawapatani kamwe, na wewe hupewi hata nafasi ya kumuonyesha waliokaa nyuma yako. Gemu yenyewe ilikuwa imeshalijibu lile swali saa kadhaa nyuma, na ililijibu kwa uzuri ambao Catalyst hawezi kuufikia. Shepard ambaye kwa gemu tatu nzima ameshinda watu kwa maneno anasimama kimya, anachagua rangi.

Kuna wanaosema wazo la mwanzo lilikuwa tofauti. Drew Karpyshyn, aliyeongoza uandishi wa gemu ya kwanza na kushiriki kuongoza wa ya pili, aliondoka kwenye mradi kabla ya ya tatu, na baadae alieleza kwamba waliwahi kulifikiria wazo la nishati ya giza. Dalili yake ipo kwenye gemu ya pili, sayari ya Haestrom, pale nyota inapozeeka kabla ya wakati. Lakini mwenyewe alisema lilikuwa wazo tu ambalo halijakamilika, kwahiyo kulinganisha mwisho uliopo na mwisho ambao haukuandikwa naona sio haki.

Kilichotokea baada ya hapo ni sehemu ya hadithi pia. Wachezaji waliokuwa wanadai mwisho mpya walichangishana zaidi ya dola 80,000 za Marekani na wakazipeleka kwa Child's Play, shirika linalowapelekea watoto wagonjwa michezo hospitalini. Mimi nikiambiwa walikuwa wanadeka nakumbuka hizo dola. Ray Muzyka, mmoja wa waanzilishi wa BioWare, akaandika barua ya wazi kwamba wamesikia, na Juni 2012 wakatoa mwisho uliopanuliwa, bure. Humo ndo Normandy ikaonekana inakuja kuwachukua wenzako London, malango yakaharibika tu yanatengenezeka, Catalyst akaulizwa maswali zaidi, zile picha za kila taifa zikaongezwa, na ikaongezwa njia ya nne ya kukataa chaguzi zote, ambayo Reaper wanashinda na wanaokuja baada yetu ndo wanamaliza kazi. Legendary Edition inakuja na hayo yote ndani tayari. Kwahiyo jamaa yako anakumbuka gemu moja na wewe umecheza nyingine kidogo. Mwonyeshe mwisho wako, mkae pamoja muangalie.

Swali: Mhariri nimemdanganya Wrex. Yule Dalatrass, kiongozi wa Wasalarian, kaniambia nikiharibu dawa ya ugonjwa wa uzazi wa Wakrogan kimya kimya atanipa jeshi lake, nikaona vita ni hesabu, nikakubali. Sasa Mordin, yule mwanasayansi Msalarian, kafa kwa mkono wangu na roho inaniuma. Nilikosea?

Jibu: Kwa hesabu tu, ndiyo ulikosea, maana Wrex atakuja kujua. Atakufuata Citadel, mtaishia kwa bunduki, na msaada wa Wakrogan unaondoka pamoja naye. Na Kirrahe, yule kapteni Msalarian wa Virmire kama alipona, analeta watu wake hata ukiwatibu Wakrogan, kwahiyo Wasalarian sio kwamba walikuwa wanakuacha mikono mitupu.

Kwa upande wa moyo, nadhani unajua mwenyewe. Huo ugonjwa Wasalarian ndo walioutengeneza, Waturian wakausambaza, na kati ya mimba 1,000 anazaliwa mtoto mmoja hai. Mordin alishiriki kuuimarisha, na kule Tuchanka, sayari ya Wakrogan, ndo anapanda ule mnara kurekebisha kazi ya mikono yake, anaimba huku moto unashuka, na anasema lazima iwe yeye maana mwingine angeweza kukosea. Kabla ya hapo mmemuita Kalros, yule joka mkubwa wa ardhini, akambana Reaper mzima akamzamisha mchangani. Mi naiona Tuchanka ndo misheni bora ya gemu zote tatu. Irudie ukiwa umewatibu kwa dhati.

Ila kuna hali moja ambayo swali linakuwa gumu kweli: Wrex alishakufa, anatawala Wreav, na kwenye gemu ya pili uliharibu data ya utafiti wa Maelon, mwanafunzi wa Mordin, kiasi kwamba Eve, yule mwanamke Mkrogan, anafariki. Hapo unaweza kuongea na Mordin akakubali kuacha, na anaishi, kwa sababu hata yeye anaona Wakrogan chini ya Wreav na bila Eve watarudi kuivamia galaksi. Ni maandishi ya watu waliofikiri, maana dawa ile ile inakuwa haki au hatari kutegemea na nani umemuacha hai.

Swali: Sasa mbona kuna maamuzi yasiyobadilisha kitu? Nilimuua malkia wa Warachni, wale wadudu wakubwa, gemu ya kwanza na bado ya tatu kuna malkia! Na nilimpa Anderson kiti cha binadamu kwenye Baraza linalotawala Citadel, nakuja namkuta Udina, yule mwanasiasa.

Jibu: Una haki kulalamika. Hapo waandishi walikwepa. Kwa malkia walau kuna tofauti, yule halisi uliyemuachia anakusaidia kweli na huyu wa kutengenezwa ukimwamini anakusaliti, lakini misheni ni ile ile. Kwa Udina hakuna utetezi, hadithi ilimhitaji kwenye yale mapinduzi ya Citadel ikamrudisha.

Nikuombe tu uangalie na vidogo, maana vidogo ndo vimeshikwa vizuri. Thane, mwenzako mgonjwa, hospitalini akiwa na mwanae Kolyat, unamsomea sala ukidhani ni yake kumbe ombi lake lilikuwa kwa ajili ya Shepard. Garrus, rafiki yako Mturian, na zile chupa mnazolenga kwa bunduki juu ya Presidium, mtaa mmoja wa Citadel, ambapo unaweza kukosa shabaha kwa makusudi ili rafiki yako ashinde. Kwenye gati la wakimbizi kuna binti anasubiri wazazi wake na askari Mturian anaongea naye, ukipita kila ukirudi Citadel mazungumzo yanasogea kidogo, na wewe mchezaji unaelewa kabla yake kwamba hawaji. Hamna alama kwenye ramani, hamna pointi, lazima usimame usikilize. Wengi wanapita mbio.

Swali: Kile kipande cha nyongeza cha gemu ya tatu kinachoitwa Citadel nikicheze lini?

Jibu: Mwisho mwisho, kabla tu hujaenda makao makuu ya Cerberus. Gemu inakuruhusu mapema, baada ya yale mapinduzi, lakini ukisubiri utakuwa na marafiki wengi zaidi kwenye ile sherehe. Kilitoka Machi 2013, mwaka mmoja baada ya gemu, na unahisi walikiandika kama kuagana na sisi. Wako wanaokicheza baada ya mwisho kabisa, wajidai vita imeisha na wote wamepona. Nawaelewa, ila mi napenda wacheke wakijua kesho ni London.

Swali: We mhariri unachagua mwisho gani, na Shepard anapona?

Jibu: Naangamiza. Inaniumiza kwa sababu nikifanya hivo Geth wote wanakufa na EDI anakufa, watu niliowapigania mwenyewe, na hakuna maneno yatakayoifanya hiyo bei iwe ndogo. Lakini kuunganisha ni kuubadilisha mwili wa kila kiumbe bila kumuuliza, na kuwatawala Reaper ndo ndoto ya Illusive Man niliyetoka kumpinga dakika kumi nyuma. Anderson alikufa pembeni yangu akiamini tumekuja kumaliza hii vita. Wanaochagua kijani kwa ajili ya Geth na EDI nawaheshimu sana, sababu yao ni upendo.

Kupona inawezekana, kwa kuangamiza peke yake, na lazima nguvu ya jeshi lako iwe juu. Kwenye gemu ya zamani yenye ule mwisho uliopanuliwa kiwango ni 3,100, na ilibidi ujue kwamba hesabu yako ilianza kwa utayari wa asilimia 50, hadi ucheze na wenzako mtandaoni upande. Hilo liliwaudhi wengi, na Legendary wameliondoa pamoja na mtandao wenyewe, kiwango kikapandishwa, kwahiyo huko ni misheni za pembeni na sevu nzuri toka gemu ya kwanza. Ukifika, utaona kifua chenye alama ya N7, ile ya deraya ya Shepard, kwenye kifusi kinavuta pumzi, na ndani ya Normandy uliyempenda anashika kile kibao chenye jina la Shepard, anasita, habandiki ukutani.

Swali: Kwani ndo mwisho kweli? Si kuna Andromeda?

Jibu: Andromeda ya 2017 ni watu wengine, waliondoka kwenye galaksi yetu kabla Reaper hawajafika na wakaamka miaka kama 600 baadae. Ya Shepard iliishia hapa. Ila Novemba 2020 BioWare walitangaza wanatengeneza Mass Effect nyingine, na Desemba wakaonyesha kionjo, Liara, mwenzake Shepard, anapanda mlima wa theluji anaokota kipande cha deraya chenye alama ya N7. Kionjo hicho hakikutaja tarehe, kwahiyo wanaoniuliza inatoka lini naomba msiniandikie tena, mi mwenyewe nasubiri. Malizieni Rannoch kwanza.